Saa ya Kimya ya Fundi Sikio

Saa mbili kamili asubuhi, msumeno wa seremala unanyamaza.

Ukuta kati ya karakana hizi mbili ni wa mabati tu, kwa hiyo msumeno ukizimwa upande wa pili, upande huu mtu hushusha mabega bila kujua. Fundi wa baiskeli anafunga mlango, anazima redio, anatoa sarafu mfukoni. Sarafu yenyewe imelika ukingo kwa kugongagonga, na hakuna muuza duka atakayeipokea.

Mbele yake, kwenye stendi ya chuma, kuna gurudumu jeusi la kaboni. Ni la baiskeli ya mbio, jepesi kiasi kwamba unaweza kulining'iniza kwenye kidole kimoja ukaendelea na mazungumzo. Analigonga kwenye rimu, kila baada ya upana wa vidole viwili. Ti, ti, ti. Anainamisha kichwa, anasogeza sarafu, anagonga tena.

Wateja wanamwita Fundi Sikio, na jina hilo amelipata kwa jasho. Chuma kikipata shida hupinda, nawe ukakiona. Kaboni haina uungwana huo. Ni matabaka ya nyuzi yaliyoshikwa na gundi, na yanaweza kuachana kwa ndani huku nje kunang'aa kama siku ya kununuliwa. Palipo pazima hulia kwa ukali. Palipoachana hulia kwa uchovu, "kama mtu anayeitika akiwa ndani ya blanketi," anasema.

Ana miaka hamsini na minane. Ameshika spana kwa miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili ya mwisho ameishi kwa kaboni. Theluthi mbili ya kipato chake hutoka kwenye magurudumu haya, ambayo jozi moja ingelipa kodi ya karakana yake miaka miwili. Mwenyewe huja kazini kwa miguu.

Kabla hujanunua magurudumu, atakuuliza una kilo ngapi na unapita njia gani. Mwembamba akitaka rimu yenye ubavu wa sentimita sita kwa sababu ameiona pichani, Sikio humwambia anunue mwavuli aufungue njiani, upepo utamtupa mtaroni kwa bei nafuu zaidi. Mzito atamwongezea idadi ya spoki. Na mteja aliyezoea rimu za alumini hutolewa raba za zamani za breki papo hapo, zikatupwa. Raba hizo hubaki na chembe za alumini ndani, na zikihamishiwa kwenye kaboni huichimba kama msasa.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," anasema. "Gurudumu linalosifiwa sana na muuzaji, mimi naanza kuliogopa."

Lakini hadithi ya saa hii ya kimya si ya kuchekesha.

Miezi kumi na minne iliyopita, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani alileta magurudumu yake yakaguliwe. Alikuwa amezoea kushuka mlima huku amebana breki mwanzo hadi mwisho, na joto la breki ndilo adui wa ile gundi. Sikio aliyagonga yote mawili akayapitisha. Siku tatu baadaye, katikati ya mteremko, rimu ya mbele ilipasuka. Mwalimu alivunjika nyonga. Leo anatembea kwa mkongojo, na shule imemhamishia darasa lililo ghorofa ya chini kwa sababu ngazi hawezi.

Watu walipouliza imekuwaje, Sikio alinyoosha kidole ukutani. Alisema msumeno ulikuwa ukinguruma siku ile, hakuweza kusikia vizuri. Alilisema mbele ya wateja, akalisema mbele ya mke wa Mwalimu.

Seremala, mtu mpole ambaye maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu, hakubishana. Kesho yake alikuja akasema kwamba kuanzia sasa atazima mashine kila siku, saa mbili hadi saa tatu, jirani yake apate kusikiliza. Tangu siku hiyo hajakosa hata asubuhi moja. Wateja wenye haraka wamemkimbia, wanakwenda kwa maseremala wasiosimamisha kazi.

Asubuhi hii, sarafu inakaribia mahali pa valvu. Ti, ti, kisha mlio mwingine: tu. Sauti imeshuka waziwazi, hata kwa mwandishi wa makala hii, ambaye hajui kuziba pancha. Sikio hakusimama. Alisogeza sarafu mbele, ti, ti, akaendelea na mzunguko.

Aliombwa arudie pale karibu na valvu. Alirudia mara nne, akamtazama mgeni wake usoni kila mara. Kisha aliiweka sarafu mezani polepole.

"Imebadilika?" aliuliza.

Aliambiwa ndiyo, imebadilika.

Alivuta kigoda akakaa. Yaliyofuata aliyasema akiwa ameangalia mikono yake. Mke wake alikuwa akimwambia kwa miaka miwili kwamba redio anaifungua mno, kwamba anaitwa haitiki. Yeye alijibu kwamba mama watoto siku hizi ananong'ona. Hatimaye, miezi saba iliyopita, alikwenda hospitali kwa siri, akavalishwa vipokea sauti vya masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Alingoja sana. Alidhani mashine yao ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Sauti nene anazisikia. Zile nyembamba, ambazo ndizo kazi yake, zimekwenda, na daktari alimweleza kwamba haziwezi kuwa zimekwenda juzi wala jana.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema bila kutabasamu. "Siku ya Mwalimu, msumeno ulikuwa umezimwa. Umeme ulikatika asubuhi ile. Mimi nakumbuka, jirani yangu amesahau. Nilimwambia ulikuwa unanguruma, akaniamini, kwa sababu unanguruma kila siku."

Kwa nini hakusema? Aliorodhesha sababu, kisha akazifuta mwenyewe moja baada ya nyingine. Mwanzoni alikuwa na hofu. Baadaye aliona aibu. Halafu saa ile ya kimya ikawa mazoea, na wateja wakaisifu, wakisema hapa ndipo penye fundi makini. Miezi hii saba amekuwa akitegemea vidole, taa kali na bahati. Gurudumu linalomtia shaka hulirudisha kwa kisingizio. Mangapi ameyapitisha ambayo hayakumtia shaka, hajui, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Saa mbili unusu, mwenye gurudumu alifika. Ni muuguzi, na Jumamosi ana mashindano ya kilomita mia yenye mteremko mrefu mwishoni. Alikuwa ameshatoa pochi. Sikio alimwambia asilipe, na asilipande gurudumu lile, limeachana karibu na valvu.

Muuguzi aliuliza kama ana uhakika, maana amejiandaa miezi minne na gurudumu jingine hana.

"Uhakika ninao, binti yangu, lakini si wangu," alisema Sikio. "Aliyesikia ni huyu bwana mgeni. Mimi sisikii tena. Kamwambie kila uliyemleta kwangu, arudishe magurudumu yake, akayapime kwa mwingine."

Muuguzi alirudisha pochi mkobani. Aliondoka amekumbatia gurudumu lake, na hakuaga. Pengine alikuwa akifikiria mteremko wa Jumamosi, au wenzake sita ambao amewaleta hapa mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano saa ya kimya iishe. Sikio alivua aproni, akaikunja, akaenda upande wa pili.

Seremala alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, mikono magotini, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Ndivyo anavyokaa kila asubuhi. Sikio hakukaribishwa kigoda wala hakukiomba. Alieleza yote kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wafanyavyo wasiosikia: hospitali, miezi saba, umeme uliokatika, mke wa Mwalimu.

Seremala alisikiliza hadi mwisho. Kisha alisema, taratibu, na Sikio ikabidi amtazame midomo.

"Ule mkongojo wa Mwalimu nilimchongea mimi. Nilikesha. Nilikwenda nao nyumbani kwake nikamwomba radhi mbele ya watoto wake."

Sikio hakulijua hilo. Alisimama mlangoni, machozi yakimlenga. Alisema, "Nisamehe, jirani," lakini seremala alikuwa ameshanyanyuka na kuipa mgongo sauti hiyo. Alikwenda ukutani akawasha msumeno. Saa ilikuwa tatu kasoro dakika nane.

Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, msumeno haukunyamaza.

Sikio yuko kwenye benchi lake, na mbele yake kuna gurudumu la chuma la baiskeli ya kubebea mikate. Anakaza spoki na kulizungusha, akiangalia pengo kati ya rimu na ncha ya stendi, kazi ambayo macho yanatosha. Ubao wa nje aliokuwa ameandika "Kaboni" ameugeuza, upande wenye maandishi unatazama ukuta. Amefanya hesabu ya kichwani na anajua kwamba kwa kazi za chuma peke yake, karakana hii ataimudu hadi mwisho wa mwaka, asipougua.

Anasema Jumapili atakwenda kwa Mwalimu. Atakwenda peke yake, kwa miguu, na atasema mbele ya watoto walewale. Hajui ataanzaje. Akitoka huko, anataka ajifunze kusoma midomo, kwa sababu mke wake amesema yuko tayari kumfundisha mradi aache kumwambia ananong'ona.

Zamani, kabla ya ajali, seremala alikuwa na desturi ya kuzima msumeno saa nne na kuvuka na birika, wanywe chai wakiwasema wateja. Sikio anaulizwa kama anatumaini yatarudi.

"Sitegemei," anasema, akiuegemea ukuta wa mabati kwa kiganja. Mabati yanatetemeka, na mtetemo huo anausikia vizuri. "Lakini ikifika saa nne, vikombe naosha viwili."