Boga Refu la Koko

Wiki iliyopita nilitoka Kawale, hapa Lilongwe, ninakoshona nguo siku hizi, nikaenda kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kumwona rafiki aliyejifungua. Nikapita penye nyumba yetu ya zamani. Wee! Pamekuwa duka la sabuni na vocha. Nikasimama pale kama mjinga, nikiutafuta ukuta uliokuwa umefunikwa na majani ya boga hata matofali huyaoni.

Si boga hili unalolijua, ndugu yangu. Koko wangu, mama mzaa baba, alipewa mbegu zake na sista mmoja Muitaliano ambaye Koko alikuwa akimpikia huko misheni, kwetu Uvira. Vita ilipotufukuza, watu walibeba sufuria na magodoro. Koko alibeba mbegu, kazishonea ndani ya pindo la kitenge. Tulipofika Malawi karibu zote zilikuwa zimeoza kwa jasho na mvua. Ikaota moja tu.

Lakini hiyo moja! Ilipanda ukuta, ikafika paa la nyasi, ikaanza kuning'iniza maboga membamba ya kijani, marefu kuliko mkono wangu. Koko aliyachuma yangali machanga, akayakata bila kuyamenya, akayakaanga na kitunguu na nyanya, kisha unga wa karanga, namna tuliyojifunza kwa Wamalawi. Harufu ilileta majirani mlangoni, eti wanaomba moto! Mimi shuleni nilivimba kichwa: kwetu iko boga ya Ulaya, kwenu iko nini?

Moja, refu kuliko yote, alilifunga uzi mwekundu. Hilo lilikuwa la mbegu, asiguse mtu mpaka likauke. Halafu mbuzi wa jirani akatafuna shina chini kabisa, mmea ukanyauka. Likabaki lile moja juu ya paa. Koko alilikagua kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

Mwezi ule posho ilichelewa. Unga ulikuwapo kidogo, mboga hakuna. Ndipo akatokea mama mmoja wa kanisa letu la Uvira, ambaye tuliamini amekufa, na watoto wake watatu, miguu imevimba. Kwetu mgeni hapewi ugali mkavu, heri wewe ulale njaa. Koko akainua macho juu ya paa. Nikaelewa, nikalia.

“Koko, hapana! Ile njo mbegu!”

“Nyamaza, tuko na bageni. Leta kisu.”

Alipolipasua, mbegu zilikuwa bado laini, nyeupe, hazina ganda. Hata moja isingeota. Alizitazama kidogo, kisha akazitia zote sufuriani pamoja na nyama ya boga lenyewe.

Mgeni alikula akalamba vidole. “Mama, boga hii iko tamu sana! Utanipatia mbegu na mi nipande?”

Nikafungua mdomo. Koko akanikanyaga mguu.

“Kula kwanza, mwanangu,” akamwambia.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile wenyeji hatukupona kitu, tulilala nusu tumbo. Nilimkasirikia Koko wiki nzima, na leo naona haya kwa hasira ile. Koko hayupo tena, na boga lile sijaliona soko lolote la Lilongwe. Watu wa Uvira ninaosali nao Likuni huniuliza yule mama mwenye boga refu alimwachia nani mbegu. Nawajibu kifua mbele: hakumwachia mtu. Tulizikula na bageni.