Sindano ya Fuso

Kharumwa nzima ilikuwa na swali moja tu kwa Noela Ndaki: sindano iko wapi? Mtu kakaa Arusha miaka miwili, karudi anajiita mtaalamu wa wanyama, halafu anakuja kwako mikono mitupu na kuanza kumpapasa punda wako mgongoni. Hee! Hata wewe ungeuliza. Huku kwetu daktari asiyechoma sindano ni mgeni aliyepita kusalimia, na mgeni hakabidhiwi mnyama wa watu amshikeshike.

Lakini kusoma alisoma, tusimdhulumu. Alianzia chuo cha mifugo, akapata cheti, akajua kuchanja, kuogesha na kutoa minyoo. Kazi hakupata. Akaenda Usa River kufagia banda la farasi, wale wanaopandwa na watalii, na huko ndiko alikokutana na mwenye banda, Tahera. Huyu Tahera alizaliwa Shinyanga mjini, kwao walikuwa na duka la vitambaa, akaenda nje kusomea kunyoosha viungo vya farasi. Farasi akiteguka mguu au akikaza mgongo, yeye ndiye anayemrudisha polepole mpaka atembee tena. Siku aliyosikia mfagizi wake anasema "mwangaluka" kwa simu, salamu ya Kisukuma aliyoijua tangu utotoni, alicheka mwenyewe, akamwita ofisini.

Mafunzo yenyewe yalianza kwa unywele. Tahera aling'oa unywele mmoja kichwani mwake, akauweka mezani, akaufunika kwa karatasi, akasema, "Fumba macho, uutafute kwa vidole." Noela akaupata. Karatasi mbili, akaupata. Zilipofika nane akawa anapapasa meza kutwa nzima, machozi yanamtoka, akijiuliza kama amekuja kusoma au kufanywa mjinga. Zilipofika kumi na mbili na akaupata, ndipo aliporuhusiwa kumgusa farasi. Hapo akafundishwa msuli mmoja mmoja na kano moja moja, namna ya kuukunja mguu na kuunyoosha, namna ya kumpitisha farasi juu ya fito zilizolazwa chini ili anyanyue kwato sawasawa, na kumpa karoti ubavuni ili apinde shingo mwenyewe bila kulazimishwa.

"Mguu ulioumia ukiuacha tu unakakamaa," Tahera alikuwa akimwambia, "na ukiuharakisha unakatika. Sasa wewe kazi yako ni kumzuia mwenye mnyama asiharakishe. Hiyo ni ngumu kuliko mguu."

Noela akaandika kwenye daftari, akapigia mstari.

Miaka miwili hiyo, ili kumlipia mafunzo, baba yake, mzee Ndaki, aliuza ng'ombe watatu waliokuwa wamewekwa kwa mahari ya kaka yake, Boaz. Boaz leo ana miaka thelathini na mbili, hana mke, na dada yake akimsalimia anaitikia kwa shingo upande. Kwa hiyo Noela aliporudi nyumbani hakurudi na cheti tu, alirudi na ndoa ya mtu begani. Farasi Kharumwa hakuna hata wa kuchora. Lakini punda na farasi ni ndugu, na punda wapo wa kumwaga, wanatoa mawe ya dhahabu kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, na kuyapeleka kwenye karasha yakasagwe, asubuhi hadi jioni, na nusu yao wanachechemea. Noela aliona kazi ya maisha yake yote imesimama mbele yake kwa miguu minne.

Miezi mitano hakupata mteja. Miezi mitano, jamani! Alitembea nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu habari za kano na misuli, wakamsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha uji, kisha wakamwita mzee Jilala. Jilala ndiye mwenye chuma. Mnyama akichechemea anakipasha moto mpaka kiwe chekundu, anamchoma palipovimba mistari mitatu, basi, hesabu imefungwa. Akipona, ni chuma. Akifa, siku zake zilikuwa zimefika. Noela naye akimtembeza punda wa kuazima juu ya fito ili kuwaonyesha watu, huku akimnyoshea kipande cha mchembe, kiazi kitamu kilichokaushwa, maana karoti angezitoa wapi, vijana wa kwenye maduara walikuwa wanaacha kazi kumtazama. "Anamlisha punda viazi vyetu!" wakasema. "Kesho atamtandikia kitanda."

Wa kwanza kumwamini alikuwa Mama Mayala, na hakumwamini sana. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na punda mmoja, na huyo punda, Fuso, ndiye aliyekuwa anawalisha wote watano. Fuso alikuwa ameumia kano ya nyuma ya mguu wa mbele, wa kushoto. Mguu ulikuwa umevimba na kupata moto, akiukanyaga anauinua haraka. Noela alipitisha vidole pale, taratibu, macho ameyafumba, akaipata sehemu yenyewe: ndogo, laini, kama tunda lililoanza kuoza ndani.

"Wiki sita," akasema.

"Wiki sita nini?"

"Apone. Nitakuja kila siku, mama. Asivute mkokoteni hata mara moja."

Mama Mayala alimtazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto mdogo. Lakini Jilala alikuwa amesafiri, amekwenda msibani Runzewe, na kungoja bila kufanya kitu kulikuwa kubaya zaidi. Akakubali.

Basi Noela akafanya kazi ambayo hata Tahera angeiona asingepata cha kukosoa. Asubuhi aliukanda mguu kwa kitambaa kilicholowa maji ya mtungini, mchana akausugua, jioni akamtembeza Fuso hatua chache, kesho yake hatua chache zaidi. Siku ya nane uvimbe ulipungua. Siku ya kumi mguu ulipoa. Siku ya kumi na mbili Fuso alikanyaga chini ukwato wote, na Noela akaenda nyuma ya nyumba kulia peke yake, kwa furaha, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi!

Siku ya kumi na tatu Mama Mayala alimngojea mlangoni, kanga ameikaza kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari, mimi sikufichi. Mwenye duara amesema nisipopeleka punda kesho nafasi yangu inakwenda kwa mwingine. Wanangu jana wamelala na chai. Na Jilala amerudi. Jioni hii anakuja na chuma chake."

"Mama, ukimchoma utaharibu yote. Angalia, anakanyaga."

"Anakanyaga, lakini anachechemea. Wewe umemshika siku kumi na tatu hujampa hata dawa moja. Kweli gete, mwanangu, mimi nina watoto."

Noela alimtazama Fuso. Aliuona ule mguu ulioanza kupona, akauona na mstari mwekundu wa chuma ukipita juu yake. Kwenye begi lake, chini kabisa, kulikuwa na kichupa cha dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, alichokiweka kwa ajili ya mnyama anayeteseka sana. Alijua kinavyofanya. Hakiponyi kano. Kinamfanya mnyama asisikie, kwa siku nzima, pengine na nusu ya siku ya pili. Akajiambia: nikimtuliza leo, Jilala akija atamkuta anatembea, ataondoka na chuma chake, na kesho nitamweleza mama vizuri. Mimi nasema hivi, na sitafuni maneno: hapo ndipo mtaalamu alipogeuka mganga wa mnadani.

Akatoa sindano.

Alipoivuta ile dawa kutoka kwenye kichupa, majirani walikuwa wameshafika. Sijui waliambiwa na nani. Sindano Kharumwa ina harufu yake. Akamchoma Fuso shingoni mbele ya watu kumi na tano. Hata saa moja haikuisha vizuri, Fuso alikuwa anatembea uani bila kuchechemea kabisa, masikio juu. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Jilala akafika, akatazama, akasonya, akageuza baiskeli.

"Kumbe unayo!" Mama Mayala akamshika Noela mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. "Kumbe unayo dawa, ulikuwa unatupima tu! Wabeja, daktari. Wabeja sana. Amepona?"

Miezi mitano. Ng'ombe watatu. Watu kumi na tano wanamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuna anayecheka.

"Ee," Noela akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Ila apumzike kidogo."

Kupumzika kidogo, kwa mtu mwenye watoto waliolala na chai, ni usiku mmoja. Noela aliondoka akijua hilo, na njia nzima alijidanganya kwamba hajui. Kesho yake saa tatu alifika na kitambaa chake na michembe mfukoni, akakuta ua mtupu. Mkokoteni haupo. Alitupa begi palepale, akakimbia.

Aliwakuta kwenye mteremko, karibu na karasha. Mkokoteni ulikuwa umelala ubavu, viroba vya mawe vimemwagika. Kano ilikuwa imekatika. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeshuka kikagusa ardhi, na Fuso, kwa kuwa dawa ilikuwa bado inafanya kazi, alikuwa anajaribu kuinuka akausimamie mguu ule ule, anaanguka, anajaribu tena. Hakulia. Noela aliulalia mguu kwa kifua chake ili asiendelee kujaribu. Alikaa hivyo, uso kwenye manyoya na vumbi, akisema "tulia, baba, tulia," mpaka watu wa karasha walipokwenda kumwita Jilala aje na shoka. Safari hii Jilala hakusonya. Alimwambia tu Noela asogee.

Ungedhani watu wangemgeuka. Thubutu! Mama Mayala mwenyewe aliyekuwa analia kando ya barabara aliwaambia wote, "Daktari alimponya, mlimwona jana. Hii ni bahati mbaya, mzigo ulizidi." Wakaitikia. Siku ya pili yake, alfajiri, nje kwa mzee Ndaki walikuwa wamefungwa punda sita, na wenyewe wamekaa kwenye benchi wanangoja. Hawakutaka kukandwa wala fito. Walitaka ile ya Fuso. Mzee Ndaki alivaa koti lake la kanisani, akawatolea watu viti. Boaz, aliyekuwa hajamsemesha dada yake tangu Pasaka, alimletea chai kitandani, akasema, "Amka, dada, una wagonjwa."

Noela alitoka akasimama mbele yao na kanga ya kulalia.

"Ile sindano haiponyi," akasema. "Inaua maumivu tu. Fuso hakuwa amepona. Sitamchoma yeyote."

Wakatazamana. Mmoja, Mwigulu, akacheka kidogo kwa heshima. "Daktari, kama ni habari ya malipo, sema tu."

"Sio malipo. Punda wako akichomwa hatasikia mguu, utamfungia mzigo, na mguu utakatika."

"Mama Mayala mwenyewe anasema alipona."

"Mama Mayala hajui!"

"Haya," Mwigulu akasema, akainuka kumfungua punda wake, "kama unaficha, ficha. Kichupa chako watu walikiona, na duka la dawa za mifugo halijafungwa." Wengine wanne wakamfuata. Wa sita alingoja kidogo, akatazama huku na huku, naye akaondoka. Mzee Ndaki alibaki ameshika kiti mkononi. Hakumwuliza binti yake kitu, na Noela angependa sana kama angeuliza.

Hapo akaelewa kwamba wangemsikiliza mtu mmoja tu Kharumwa. Akavaa, akaenda.

Mama Mayala alikuwa kwenye karasha, amekaa chini pamoja na wanawake wengine, anaponda mawe kwa nyundo kwa ujira wa siku. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala mgongoni. Noela alichuchumaa mbele yake, na kwa kuwa alijua akianza na salamu hatafika, alisema moja kwa moja.

"Mama, ni mimi niliyemuua Fuso. Alikuwa hajapona. Ile sindano ilimfanya asisikie maumivu, basi. Uliniuliza kama amepona, nikasema ee. Nilikudanganya. Sasa watu wanakwenda kuinunua wenyewe, na mimi hawanisikii. Nakuomba uwaambie."

Nyundo ya Mama Mayala ilikaa juu ya jiwe. Wanawake wa pembeni nao wakaacha kuponda. Noela alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe, angeshukuru hata kofi.

"Alisimama," Mama Mayala akasema mwishowe, taratibu, kama anayejaribu kukumbuka jambo la zamani. "Pale juu, kabla ya mteremko. Fuso hakuwa punda wa kusimama. Nikajua ni uvivu, amekaa siku nyingi. Nikamchapa. Akaenda kidogo, akasimama tena. Nikamchapa. Mara ya tatu nilimchapa kwa hasira, nilimchapa sana, kwa sababu daktari alishaniambia amepona."

"Nisamehe, mama."

"Nitawaambia," Mama Mayala akasema. "Nitawaambia, inuka." Lakini yeye mwenyewe hakuinuka. Aliitazama mikono yake, yote miwili, vumbi la mawe limeijaa. "Ungeniambia tu. Mawe yale yalikuwa safari mbili tu. Ningemfungua, nikavuta mwenyewe."