Plagi Iliyokataa Kuingia

Mume wangu alikuwa karani wa reli pale Gerezani, lakini mwenyewe alijiona fundi. Kila Jumamosi analeta matumbo ya redio zilizokufa, anayamwaga juu ya kibao changu cha chapati. Chuma cha kuchomelea anakipasha kwenye jiko langu, uji wa watoto uko pembeni. Siku moja tone la risasi iliyoyeyuka likadondokea humo. Akalitoa kwa kijiko, akasema, "Haidhuru." Kinyaa kilichonishika!

Nilivumilia kwa sababu moja. Mama yangu alikuwa hoi Bagamoyo. Simu hakuna, kwa hiyo lolote likitokea, kaka yangu angelipeleka kwenye matangazo ya vifo redioni. Redio yetu ilishakufa, madukani hamna. Mume wangu akaniahidi ya mkono wake.

Ilipokwisha akawaita wapangaji wote uani. Nikampa betri nilizozipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Akaielekeza plagi ya betri kwenye tundu lake. Haiingii. Ubavuni mwa tundu alikuwa amesimamisha kidude anachokiita kapasita, kinene kama gunzi.

"Umepima tundu, plagi hukuipima," nikamwambia. "Wala vidole vya kuishikia. Mimi nikitia maandazi karaini naacha pa kupitisha mwiko. Lisogeze hilo gunzi lako."

"Darasa la pili wewe, unifundishe saketi?"

Wapangaji wakacheka. Basi ndiyo kabisa, akaona haya kuifumua kazi mbele za watu. Akachukua kisu changu cha samaki, akaichonga plagi mpaka waya zikachungulia, akaikandamiza kwa nguvu. Waya zikagusana. Moshi ukafuka, harufu ya nywele zilizoungua, betri zikachemka mkononi mwake.

"Kesho nitarekebisha," akasema.

Kesho yake alasiri jirani wa nyumba ya pili akaingia uani, akanikuta nachambua mchele.

"He! Shoga, uko hapa? Nilijua umeshakwenda kuzika."

"Kumzika nani?"

Akashika mdomo. "Jana jioni wametangaza. Mama yako. Mazishi yalikuwa leo adhuhuri."

Basi la asubuhi lingenifikisha.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alikwishaambiwa njiani. Akaninyooshea mkono wa pole, kucha bado nyeusi kwa masizi ya risasi. Nikaikunja mikono yangu ndani ya kanga, nikamwacha asimame hivyohivyo.