Fundi wa Cyber na Kamashini ka Mukononi

Na bado anasema tumupe siku mbili ingine. Wiki tatu sasa huyu fundi wa cyber yetu ya Buyenzi anapika programu ku ordinateur kubwa, ile kompyuta ya mezani, eti ikiiva ataitia mu kamashini kadogo ka mukononi, kaonyeshe video. Anakashika kama kifaranga, anakapulizia vumbi, anasema "patience" hata kwa mutu hajauliza kitu. Courant ya umeme ikikatika anaanza upya, bila hasira, na ile njo inaniunguza roho. Kale kamashini jirani yetu Mama Lubna aliletewa toka kambi ya Tanzania. Ndani muko video ya mutoto wake wa kiume mwenye alikimbia vita, miaka mine hajamuona. Jana fundi akabonyeza. Kamashini kimya, lakini ku ordinateur kubwa kijana akatokea, anacheka, anasema, "Mama." Mama Lubna akashika meza. Fundi akafunga picha.

"Apana, mama, nilikosea, programu nimeipikia mashini kubwa. Haipashwe kuonekana hapa."

"Baba, mi nataka mutoto. Sitaki kamashini."

"Patience, mama."

Watu wa Buyenzi, kesho asubui mukuje ku cyber. Mumutoe huyu mutu ku kiti, mumufungulie mama picha yake.