Meza, Baba Loyce

Jirani yetu hapa Ilongero hasugui mate ya mumewe. Huyagusa tu kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayekausha jicho la mtoto, maana anasema kusugua kunachubua ngozi. Ugonjwa wa kutetemeka umemlegeza mzee uso, naye husahau kumeza. Basi jirani akiwa anapepeta alizeti, bila kuinua macho, utamsikia: "Meza, Baba Loyce." Mzee humeza. Kila asubuhi humpaka mafuta kidevuni, kisha humwekea mfukoni kitambaa cha kanga iliyochakaa ikawa laini, rangi yake ikiendana na shati.

Jumamosi walikuja wakwe kumalizia mahari ya Loyce. Kwetu baba wa binti ndiye hutamka neno la mwisho, la sivyo posa haijafungwa. Nilikuwa namimina chai pale mdogo wake mzee alipomvuta jirani kando. "Shemeji, acha niseme mimi. Wakimwona kaka anatokwa na mate, watatucheka hadi Mgori." Jirani akamwambia, "Mdomo ni wake. Mate niachie mimi." Akaenda kuketi ubavuni pa mumewe. Wakwe wakamgeukia mzee. Akamgusa chini ya kidevu kwa kidole kimoja. Kichwa kikainuka, koo likapanda na kushuka. Mzee akasema polepole, kila neno likisikika hadi zizini: "Ng'ombe tumewapokea. Binti ni wenu." Wanawake wakalipuka kwa vigelegele. Jirani alimkausha kidevu kwanza, ndipo akapiga kigelegele chake, kirefu kuliko vyote.