Bingwa Asiyetaka Kuanza Chini

Ada Thirkell, binti wa muuza vitambaa katika mji wetu huko Devon, Uingereza, alikuwa na mkono ambao Mungu hawagawii wengi. Alijifunza tenisi kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya duka, hadi baba yake akachoka kugomba. Mwaka 1905 akatwaa kombe la wanawake la jimbo, na mwaka uliofuata akalitetea. Akishinda mara ya tatu mfululizo, kombe lingekuwa lake daima.

Hapo ndipo utaratibu wetu ulipomharibu. Kwetu bingwa haingii kwenye mchujo. Wengine hutoana jasho wiki nzima, na anayebaki ndiye hupambana naye siku ya mwisho. Haki hiyo ni ya kupumzika, si ya kubweteka. Lakini nani angemwambia Ada? Wiki nzima alikaa katika hema la watazamaji kando ya uwanja na kofia yake pana, akila stroberi kwa krimu na kuwakosoa wenzake.

“Dada, twende ukapige mipira japo kidogo,” Hester, mdogo wake, alimsihi.

“Bingwa afanye mazoezi mbele ya watu? Watasema naogopa.”

“Afadhali waseme unaogopa kuliko waseme umefungwa.”

“Nifungwe na nani? Yule mwalimu Ludlow? Anakimbia kama bata aliyeona mbwa!”

“Bata huyo kawatoa wote, dada.”

“Hebu nisogezee krimu.”

Siku ya mwisho ikafika. Mwalimu Ludlow alikwisha kuzijua nyasi za uwanja ule, wapi mpira unaruka na wapi unakufa. Ada alipiga wavuni, akapiga nje, akautazama uwanja kama aliyeibiwa. Mkono wake ulipokumbuka kazi, seti ya kwanza ilishapotea na ya pili inakwisha. Kombe likaenda kwa mwalimu.

Kushindwa si aibu. Aibu ni yaliyofuata. Bingwa aliyevuliwa taji huanza mchujo kama watu wengine, na mwaka uliofuata Hester alimbembeleza ajiandikishe.

“Mimi nipangwe na binti wa muuza nyama?”

“Kwani wewe binti wa nani? Wa mfalme?”

“Nilikuwa bingwa, Hester!”

Hakucheza tena, naye alikuwa hajatimiza hata miaka thelathini. Kila kiangazi alirudi hemani kukosoa. Siku moja alitangaza kwa sauti kwamba mwalimu Ludlow hana mkono.

“Basi ingia umfunge,” Hester akasema, akimnyooshea raketi.

Ada akashusha ukingo wa kofia. “Leo jua kali mno.”

Hester akairudisha raketi kwapani, akaenda kujiandikisha mwenyewe.