Mpichi wa Mama Mkwe

Kwetu Kitale, mpichi hauachwi ujiamulie. Baridi yetu ni ya kuvaa sweta tu, haitoshi kuuangusha majani, kwa hiyo mvua zikipungua mama yangu huunyonyoa kwa mkono, jani baada ya jani, mpaka ubaki vijiti vitupu. Mti hulala kidogo, kisha huamka umejaa maua ya waridi. Tangu utotoni nilidhani dunia nzima hufanya hivyo.

Nilipooa Tongaren, nilimpelekea mama mkwe mche mmoja, nikijisifu kwamba ni mti mgumu, hautaki kubembelezwa. Mbuzi waliutafuna, ukachipua tena. Ila miaka ikapita, ua hapa, ua pale, tunda hakuna. Mwishowe mama mkwe alimtuma mke wangu aniambie kwamba msimu huu ukipita bure, ataukata apate mahali pa kuanika mahindi. Alimtuma kwa sababu kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemezani ana kwa ana, hata mkono hawapeani. Niliumia. Mti ule ndio uliokuwa ukinisemea kwake.

Basi nikaenda Jumamosi moja, yeye akiwa sokoni, nikaunyonyoa wote. Sikumweleza mtu. Nani hueleza jambo ambalo kila mtu analijua? Nikarudi Kitale nikipiga mluzi.

Jioni simu ya mke wangu ikalia. Kwao Tongaren watu hunyoa nywele baada ya mazishi, na majirani walikuwa wameanza kupita kumpa mama mkwe pole. Alikuwa na swali moja tu: "Ati mkwe wangu amenyoa mti. Nani amekufa?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimsihi auombee mti muda kidogo, naye akapewa, ila tuliambiwa panga limeshanolewa. Siku zile nilikosa raha kuliko nilipokuwa nikingoja kujibiwa posa.

Wiki kadhaa baadaye tukaitwa. Mti ulikuwa umechanua hadi ncha za matawi, nyuki wanavuma, na hapa na pale vitunda vya kijani vimeanza kushika. Majirani walewale wa pole walikuwa wamekaa chini yake wakinywa chai. Nikasimama langoni kwa adabu. Mama mkwe akasogea, akanipa mgongo, akasema akiutazama mti:

"Mkwe, wewe na mti yako, karibu niwakate wote wawili. Haya, ingia ukule."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. Nilifurahi, nikakaza mwendo. Kabla sijafika mlangoni akaongeza, mgongo bado kwangu:

"Na ukimaliza kukula, unyoe na ile avokado."

Avokado hainyonyolewi, ukiinyonyoa unaitesa bure. Nilikula ugali na kuku polepole sana, nikitafuta namna ya kumkatalia mtu niliyengoja miaka yote hiyo anisemeze.